Jibu Sahihi ni Nipo

Hema lao lilipungukiwa na kigingi kimoja, kwa hiyo pembe ya mwisho ilifungwa kwenye sanduku la Kobe, na Kobe akaombwa asihitaji kitu chochote kilichomo humo mpaka siku ya kurudi shuleni. Kobe alikubali. Alikuwa msichana wa kukubali. Alikaa juu ya sanduku ili lisiburutwe na upepo, akawatazama wenzake wawili wakigombana kuhusu upande gani wa turubai ndio wa nje.

Kobe halikuwa jina lake. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi, alipitisha sheria ndani ya basi kwamba majina ya nyumbani yabaki nyumbani, na kambini kila mtu aitwe kwa mdudu au mnyama. Aliyagawa majina akiwa kiti cha mbele, bila kugeuka, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiutumia kila mwaka, na ndiyo maana mvulana mrefu kuliko wote shuleni alishuka kwenye basi akiitwa Sisimizi. Msichana wa dirishani alipata Kiroboto. Binamu yake, aliyekuwa amemlalia begani huku akikoroma kidogo kwa sababu ya mafua, alipata Nyenje.

Nyenje alikuwa mtoto wa shangazi yake Kiroboto. Asubuhi hiyo shangazi aliwasindikiza mpaka kwenye lango la shule, akainama na kumfunga mwanawe kamba za viatu mbele ya kidato kizima, kisha akamwambia Kiroboto kwa sauti ya mtu anayekabidhi funguo za nyumba, “Mwenzio huyo. Namtaka kama nilivyomleta.”

“Shangazi, ni kambi tu. Tunakwenda kulala nje halafu tunarudi.”

“Ndiyo nimesema.”

Kiroboto alijibu sawa. Watu waliomfahamu wangeshangaa kumwona anajibu sawa bila kuongeza neno, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongeza neno. Shuleni alisifika kwa kipaji kimoja ambacho hakikuwahi kuandikwa kwenye ripoti ya muhula: aliweza kusema kama mwalimu wa Kiswahili. Hakuwa anaigiza tu. Alisema kama yeye kabisa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kinachotangulia neno “yaani”. Muhula uliopita alisimama nyuma ya dirisha la kidato cha kwanza akawaruhusu wote waende kucheza, nao wakaenda. Mwalimu mwenyewe alitoka ofisini, akawaona uwanjani, akajaribu kukumbuka ni saa ngapi alitoa ruhusa hiyo. Mwishowe aliamua kwamba aliitoa.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ngeli, kwa sababu hakukigusa kitu kabla hajakipangia ngeli yake. Ilisemekana kwamba alipopigiwa simu kuambiwa mkewe amejifungua, aliuliza kama ni umoja au wingi. Habari hiyo haikuwahi kuthibitishwa, lakini pia hakuna aliyewahi kuikanusha.

Walipomaliza kusimamisha mahema, filimbi ililia, wakapanga mistari mbele ya mlingoti usio na bendera. Mwalimu Ngeli aliwaita kwa kichwa, bila karatasi. Sheria ya kuitika ilikuwa moja. Hukunyoosha mkono, hukusema ndiyo, hukusema naam. Ulisema nipo.

“Nyuki.”

“Nipo.”

“Sisimizi.”

“Nipo,” likashuka jibu kutoka juu.

“Nyenje.”

“Niko.”

Mwalimu Ngeli alinyamaza. Ndege fulani mtini, ambaye hakujua anamkatiza nani, aliendelea kidogo kisha naye akanyamaza.

“Rudia.”

“Niko, mwalimu.”

Mwalimu alikohoa kile kikohozi. “Yaani, po ni mahali dhahiri, panapoonekana, panapoguswa. Mo ni ndani ya kitu. Ko ni mahali pasipo dhahiri. Sasa wewe umesimama mbele ya macho yangu, una kamasi, nakuona, halafu unanieleza kwamba uko mahali pasipojulikana.”

“Nyumbani tunasema niko, mwalimu.”

“Nyumbani ni wapi?”

Nyenje alifikiri. Basi lilikuwa limepinda kona nyingi, naye alikuwa amelala. “Huko,” akasema, akipunga mkono upande wa vichaka.

Mstari wote ukacheka, na Mwalimu Ngeli akausubiri umalize kucheka, kwa sababu alikuwa mwalimu mvumilivu.

“Vizuri. Umesema uko huko. Basi nenda huko. Kaa huko, okota kuni, na ukiwa tayari kuwa hapa, urudi useme nipo.” Alinyoosha fimbo kuelekea nyuma ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo saa moja kabla aliwakataza wasiyavuke hata kwa kufuata mpira.

“Huko wapi, mwalimu?”

“Huko.”

Nyenje alimtazama Kiroboto. Kiroboto alimkonyeza, maana yake nenda tu, huyu akishapata chai anasahau. Nyenje aliyavuka mawe, akanyanyua sketi kidogo kwa ajili ya miiba, akaingia vichakani kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani asikotaka kwenda. Mwalimu Ngeli aliendelea na Panzi.

Jioni, kabla ya chakula, jua likiwa bado liko juu ya miti, waliitwa tena.

“Nyenje.”

“Niko.”

Sauti ilitoka kushoto kwa Kiroboto, kwenye pengo ambalo watu walikuwa wameliacha bila kuambiwa. Ilikuwa sauti ya Nyenje na mafua yake. Nyenje mwenyewe hakuwepo. Mwalimu Ngeli alilitazama pengo kama mtu anayetazama mkato uliowekwa pasipostahili.

“Bado,” alisema, akaendelea.

Hakuna aliyeshtuka. Kidato cha nne walikuwa na mwenzao mmoja wa namna hiyo, sauti bila mtu, tangu waliporudi kutoka kambi yao. Dawati lake lilikuwa la nyuma, karibu na kabati la ramani. Aliitika jina lake kila asubuhi, hakupiga kelele mwalimu akitoka, hakuomba ruhusa ya kwenda msalani, na mara mbili alitajwa kwenye mkutano wa wazazi kama mfano wa nidhamu. Wanafunzi wa mstari wa nyuma walisogeleana ili sauti ipate nafasi ya kusimama vizuri, basi.

Kiroboto alimwendea matroni, aliyekuwa anapakua viazi na maharage.

“Matroni, Nyenje hajarudi.”

“Si nimemsikia anaitika hapo sasa hivi.”

“Ameitika. Lakini hayupo.”

“Mwanangu, mtu ambaye hayupo haitiki. Lete sahani yake.”

Sahani ya Nyenje ilipakuliwa, ikawekwa mbele ya pengo, ikapoa. Matroni alipokuja kukusanya vyombo na kukuta haikuguswa, alisema watoto wa siku hizi wanachagua chakula mno, na kwamba wakati wake kiazi kilikuwa kiazi.

Kiroboto alibaki kando ya mawe meupe, akaita. Aliita jina la kambi na jina la nyumbani. Aliita kwa upole, akaita kwa ukali, akaahidi biskuti, akatishia kumwambia shangazi habari ya shajara iliyofichwa chini ya godoro. Vichaka havikusema kitu, na pengo nalo halikusema kitu. Sauti ile, ilionekana, ilikuwa ya kumwitikia mwalimu peke yake.

“Labda amenuna,” alisema Kobe, akiwa juu ya sanduku.

“Nyenje akinuna anapiga mlango.”

“Hapa hakuna mlango.”

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Asubuhi waliitwa kabla ya chai. Umande ulikuwa umelowesha viatu vyote, na Sisimizi alikuwa amevaa blanketi.

“Nyenje.”

“Nimo.”

Safari hii sauti ilikuwa ya duara zaidi, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Mwalimu Ngeli alishusha fimbo taratibu.

“Amehama kosa,” aliwaambia wote, kwa masikitiko. “Jana ko, leo mo. Tutalala hapa mwaka mzima?”

Ratiba ya siku hiyo ilikuwa kutembea na kutambua mimea. Ilifutwa. Baada ya chai wote waliketi kwenye nyasi kwa ajili ya somo la kumsaidia mwenzao, na Mwalimu Ngeli akasimama mbele ya pengo, mikono nyuma.

“Nyenje. Fuatisha. Mimi nipo hapa.”

“Mimi nimo humu.”

“Sivyo. Kitabu kipo mezani.”

“Maji yamo humu.”

“Upatanisho ni sahihi,” alisema Mwalimu Ngeli, maana alikuwa mtu wa haki. “Maji, yamo. Wengine hapa wangesema maji imo. Lakini sikukuuliza maji. Kitabu kipo mezani.”

“Kiatu kimo. Kimoja.”

Watu walicheka. Panzi, ambaye alikuwa hodari wa kucheka, alijilaza kabisa kwenye nyasi.

“Taa ipo ukutani.”

“Giza limo.”

“Mwalimu yupo darasani.”

“Mwalimu hayumo.”

“Ukanushi umeutumia vizuri,” alisema Mwalimu Ngeli. “Lakini kiambishi ni kile kile. Hata hasikilizi anachosema.”

Kiroboto alisimama. Magoti ya suruali yake ya michezo yalikuwa yameloa, na alikuwa amesahau kunyoosha mkono.

“Mwalimu, anasema yumo. Yumo ndani ya kitu. Kitu chenye maji.”

“Ndiyo maana tunamsahihisha.”

“Hasahihishwi, mwalimu, anafuatwa. Ulimtuma wapi jana?”

“Huko.”

“Huko wapi?”

Mwalimu Ngeli aliinua fimbo aoneshe. Fimbo ilianza na miti mirefu, ikapita kwenye kichuguu, ikapita kwenye vichaka vya miiba, ikasitasita, ikarudi kwenye miti. Wanafunzi waliifuata kwa macho yote, kulia na kushoto. Mwishowe ilishuka.

“Pangekuwa panajulikana,” alisema, “ningesema pale. Kaa chini.”

Kiroboto aliketi. Alikaa mpaka somo lilipohamia kwenye hali ya mazoea, watu wakaanza kung’oa nyasi na kuzipanga kwenye nywele za wenzao, kisha akajirudisha nyuma kwa makalio, hatua ya nyasi kwa hatua ya nyasi, mpaka akawa nyuma ya mahema. Alihitaji kamba. Kamba zilizokuwepo ni zile zilizoshikilia hema lake, kwa hiyo alizifungua zote na kuziunganisha. Turubai lilimwangukia Kobe, aliyekuwa ameruhusiwa kulala kwa sababu ya tumbo.

“Nipo,” alisema Kobe chini ya turubai, kwa mazoea, akaendelea kulala.

Nyuma ya mawe meupe nyasi zilikuwa ndefu na hazikumjali mtu. Kiroboto aliiona njia ya Nyenje mahali ambapo mabua yalikuwa yamelala, kisha akaipoteza, kisha akaviona visima. Watu fulani waliwahi kutafuta maji pale. Walichimba mashimo membamba, marefu, moja baada ya jingine, wakakuta pakavu, wakaenda zao. Walipokwisha kuondoka, maji yalikuja. Hakuna aliyeyafunika mashimo hayo, kwa kuwa waliokuja kambini walikuwa wamekatazwa kufika pale, na mtu aliyekatazwa hahitaji kifuniko.

Alipiga magoti kwenye shimo la kwanza, akamwita binamu yake. Kimya. Akakumbuka. Akakaza koo, akakohoa kidogo, na kwa sauti ya Mwalimu Ngeli akasema, “Nyenje.”

“Nipo,” shimo likajibu.

Haikuwa sauti ya Nyenje wake. Ilikuwa ya mvulana, ya kistaarabu, iliyotamka vizuri. Kiroboto alifikiri kidogo. Majina ya kambi yalikuwa yale yale kila mwaka. Alimwambia mvulana yule samahani, akaenda shimo la pili.

“Nyenje.”

“Nipo,” alisema msichana mmoja huko chini, mkubwa kidogo, na yeye pia hakuwa na kosa lolote la sarufi.

Shimo la tatu halikuwa na mtu. Kando ya lile la nne palikuwa na kuni zilizofungwa vizuri kwa jani refu, tayari kubebwa. Kiroboto alizitazama kuni hizo kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akalala kifudifudi, akaingiza uso shimoni. Chini kabisa palikuwa na kitu kinachong’aa, saizi ya sahani.

“Nyenje.”

“Nimo.”

“Nyenje, ni mimi,” alisema kwa sauti yake mwenyewe. “Shikilia. Nakutoa sasa hivi. Umeumia?”

Hakuna jibu. Kiroboto alifuta pua kwa mkono, akakohoa tena. Aliteremsha kamba mpaka akaisikia inagusa kitu laini. “Yaani,” alisema, na Mwalimu Ngeli mwenyewe asingesema vizuri zaidi, “fuatisha. Kamba ipo.”

“Kamba imo.”

Kamba ilikazika. Haikukazika sana. Ilikuwa kama mtu anayekushika mkono mkivuka barabara. Kiroboto alivuta, na uzito ulikuja kidogo, halafu ukarudi, na kamba ikamchuna viganja. Alijaribu kuizungusha kwenye kiuno. Alijaribu kurudi nyuma huku amechimbia visigino. Alikuwa msichana mdogo, na jina la Kiroboto lilimfaa, ingawa Mwalimu Ngeli hakuwa amegeuka kumtazama. Alifunga kamba kwenye kisiki, akasimama, akawaita watu kwa sauti pekee ambayo alijua hawangeipuuza.

“Kidato cha pili! Wote! Huku, haraka!”

Walikuja wote. Walikuja mbio, wakiruka mawe meupe, kwa sababu mwalimu amesema. Sisimizi alikuja na blanketi lake. Matroni alikuja na mwiko. Na nyuma yao, akitweta, alikuja Mwalimu Ngeli mwenyewe, ambaye alikuwa ameisikia sauti yake ikiwaita watu huku vichakani, na hakuwa mtu wa kujibishana na sauti yake.

Alisimama katikati ya mashimo. Kwa kuwa alikuwa amewaita, ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa na sababu, na akaanza kuitafuta.

“Mwalimu, yumo humu,” Kiroboto alisema. “Ameshika kamba. Sisimizi, shika hapa. Panzi, nyuma yake. Tunavuta pamoja.”

Sisimizi alishika. Mikono yake ilikuwa mirefu na yenye nguvu, na kamba ilianza kupanda. Ilipanda urefu wa mkono mmoja, ikapanda mwingine. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye kitu na kurudi majini.

“Subirini,” alisema Mwalimu Ngeli. Sababu ilikuwa imepatikana. “Nyenje.”

“Nimo,” shimo lilisema, karibu zaidi kuliko mwanzo.

“Mnasikia? Mpaka sasa.” Aliwageukia wote, na uso wake ulikuwa wa huzuni ya kweli. “Hatuwezi kumtoa mtu mahali wakati yeye mwenyewe hajui yupo wapi. Akitoka na nimo yake ataondoka nayo maisha yote. Kwanza aseme vizuri. Sisimizi, simama hivyo hivyo.”

“Mwalimu, tumtoe kwanza,” Kiroboto alisema.

“Kumtoa ni dakika moja. Hili ni la kudumu.” Alipiga makofi mawili. “Wote. Nipo.”

“Nipo,” walisema wote. Ilikuwa rahisi kusema, na kuna raha fulani katika kusema jambo moja watu wengi.

“Nimo,” lilisema shimo.

“Nipo.”

“Nimo.”

Mvulana wa shimo la kwanza na msichana wa shimo la pili waliingia nao kwenye kiitikio, kwa sauti zao nzuri, na Mwalimu Ngeli akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu anayetembelewa na wanafunzi wake wa zamani. Sisimizi alianza kutetemeka mabega. Kiroboto alikuwa amelala tena kifudifudi, akiupeleka mkono chini hadi kwapani, na alikuwa akisema kwa sauti yake, ambayo haikusikilizwa kule chini wala huku juu, “Usiseme. Nyenje, usiseme. Wewe sema nimo.”

“Nipo.”

“Nimo.”

“Nipo.”

Sauti ya msichana aliyechoka, mwenye mafua, ambaye amekuwa akisahihishwa tangu asubuhi na anataka tu waache, ilisema, “Nipo.”

Haikusema kutoka shimoni. Ilisema kutoka kushoto kwa Kiroboto, kwenye nyasi, mahali dhahiri, panapoonekana, panapoguswa. Sisimizi alianguka chali, kwa kuwa kamba ilikuwa imekuwa nyepesi. Ilitoka yote bila taabu, mwisho wake umeloa, una kitanzi ambacho mtu alikuwa amekifunga kwa ustadi.

“Makofi,” alisema Mwalimu Ngeli.

Walipiga makofi. Matroni alipiga kwa mwiko kwenye kiganja. Kiroboto aliirudisha kamba shimoni, akakohoa kile kikohozi, akaita, na kushoto kwake Nyenje akasema nipo. Akaita tena, midomo ikiwa karibu na udongo. Nipo. Mwalimu Ngeli alimgusa bega kwa upole, akaichukua kamba, kwani ilikuwa mali ya shule, akamwambia hema lake halijisimamishi lenyewe.

Walirudi shuleni asubuhi iliyofuata. Ndani ya basi Kiroboto alikaa dirishani, na kiti cha pembeni hakikukaliwa na mtu, ingawa watu watatu walisimama njia nzima. Kila walipopumzika Mwalimu Ngeli aliita majina, na kila mara yalitimia.

Kwenye lango, wazazi walikuwa wamepanga magari yao. Mkuu wa shule alisimama juu ya ngazi akawashukuru wote, akasema mwaka huu tena hakuna mwanafunzi aliyekosekana, akapigiwa makofi. Shangazi alikuwa nyuma ya umati, na mkoba wa kikapu begani. Alimwona Kiroboto, akamtazama nyuma yake, akatazama kushoto kwake, akatazama mlango wa basi mpaka dereva akaufunga.

“Mwenzio?”

Kiroboto alifungua mdomo. Mwalimu Ngeli alikuwa amefika, amesimama kwa adabu, amekunja mikono mbele, anasubiri kusikia ni kiambishi gani.

“Yumo, shangazi,” alisema Kiroboto.

“Yupo,” alisema Mwalimu Ngeli. “Mama, hongera. Tumepata taabu naye mwanzoni, sitakuficha. Nyenje.”

“Nipo.”

Shangazi aliigeukia sauti. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayetaka kupima joto la paji la uso, mkono ukakaa hewani, ukashuka.

“Ndiye,” alisema. “Bado ana mafua.”

“Hayo yatapona.”

“Zamani alikuwa anasema niko.”

“Alikuwa,” alisema Mwalimu Ngeli, akasubiri ashukuriwe. Shangazi alimshukuru. Ilikuwa desturi, na watu walikuwa wanatazama.

Gari la shangazi lilikuwa dogo, la milango miwili, na ili kuingia nyuma ilibidi kiti cha mbele kikunjwe. Shangazi alikikunja, akakishikilia muda wa kutosha mtu kupita akiwa na mkoba wake, akakirudisha. Kiroboto aliketi mbele. Waliendesha wakapita duka la vifaa vya shule, wakapita kituo cha mafuta, na hakuna aliyewasha redio.

“Alisema nini kingine?” shangazi aliuliza.

“Alisema maji yamo.”

“Yalimfika wapi?”

“Hakusema.”

“Ulimuuliza?”

“Nilimuuliza kwa sauti yangu. Hakuna mwingine aliyeuliza, shangazi. Alikuwa anasahihishwa.”

Shangazi alitazama barabara. Kwenye taa nyekundu alitazama kioo cha juu, kisha akageuka kabisa. Kitambaa cha kiti cha nyuma kilikuwa kinabadilika rangi. Unyevu ulianzia katikati, ukatanuka polepole kwenda pembeni, ukaanza kudondoka kwenye zulia. Taa iligeuka kijani, gari la nyuma likapiga honi, na shangazi akawa bado anapekua kikapu. Alitoa taulo.

“Inuka kidogo, mama,” alikiambia kiti, “tandiko limeloa.”

Akasubiri kwa muda ule ambao mtoto aliyechoka huuchukua kuinuka. Kisha akatandika taulo, akalinyoosha pembe, akaondoa gari.